Kozi ya kupanga muda iliyonilia muda wangu: maoni baada ya wiki 6

Kwanza niseme ukweli, mimi sio mteja wa kawaida wa hizi kozi. Kazi yangu ni kutengeneza mafunzo ya wafanyakazi, na timu yetu nzima kila mtu yuko kwake na laptopu yake, ofisi yetu ni chati (programu ya kutumiana ujumbe) na kalenda tu. Juzijuzi bosi akaniambia hebu tutengenezee kozi fupi ya onlaini ya kupanga muda, watu wanalalamika siku inaisha hawajui wamefanya nini. Nikasema sawa, ila kabla sijaandika hata mstari mmoja ngoja kwanza nikakae upande wa mwanafunzi, nilipie ya wenzangu nione wao wanafanyaje. Nikalipia moja yenye nyota kibao na maoni matamu matamu. Jina naliacha, sitafuti ugomvi na mtu, na walioisoma wataijua tu wakifika kwenye ile habari ya nyanya.

Kozi ina moduli 8, video jumla masaa 11 na ushee, kwizi kila mwisho wa moduli, grupu la majadiliano, kipindi cha moja kwa moja mara moja kwa wiki, na cheti. Wanasema unamaliza kwa wiki 4. Mimi wiki ya 6 hii na moduli ya 7 bado naikwepa kama mtu ninayemdai... hapana, kama mtu anayenidai.

Sasa hayo masaa 11. Jamani. Mtu kaja kwako analia hana muda, wewe unampa masaa 11 ya kukaa kuangalia video? Huyo kaja umtue mzigo, wewe unamwongezea mwingine kichwani. Na ukiangalia vizuri unaona kabisa jinsi ilivyotokea, maana hata mimi kwenye fani hii nimeshafanya dhambi hiyohiyo: mtengenezaji anajua vitu vingi, anaogopa mteja aseme kozi ni fupi, kwa hiyo anamwaga kila alichonacho, na ukurasa wa mauzo unasomeka vizuri ukiandika masaa mengi. Mnunuzi anahesabu masaa kama anahesabu kilo, eti zikiwa nyingi ndio kapata faida.

Mfano mzuri ni moduli ya 2, Pomodoro. Kwa ambao hamjui, ni ile mbinu ya kufanya kazi dakika 25 bila kugusa kitu kingine, unapumzika 5, ukifikisha mizunguko minne unapumzika zaidi. Aliyeianzisha ni Francesco Cirillo, alikuwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, akatumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na pomodoro kwa Kiitaliano ni nyanya. Basi. Nimemaliza kukueleza, imechukua aya moja. Hawa wana video ya dakika 38. Dakika 38 kufundisha mbinu ya dakika 25! Kwa mbinu yenyewe ningetakiwa nipumzike kabla mwalimu hajamaliza kuielezea. Nikaacha video nikafungua maandishi yake (hapo nawapa pongezi, kila video ina maandishi kamili chini, na sauti yao ni safi sana), nikapitia harakaharaka kama dakika 10 nikawa na kila kitu.

Na hili wala sio suala la mimi kukosa subira. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua karibu mara milioni 6.9 ambazo watu waliangalia video za kozi za edX, jukwaa la kozi za onlaini, na walichokuta ni kwamba hata video iwe ndefu vipi, mtu wa katikati haangalii zaidi ya kama dakika 6. Hao ni watu walioamua wenyewe kusoma. Sasa mfikirie mtu wetu wa kazi ya mbali ambaye kaiba nusu saa katikati ya mitingi mbili, kikombe mkononi, jicho moja kwenye chati. Taarifa hizi zipo miaka yote hii na bado watu wanarekodi mihadhara.

Kilichonisumbua zaidi lakini sio urefu. Nikajaribu ile Pomodoro kazini kweli, siku ya Jumanne, nikaweka taima, dakika ya 11 ujumbe ukaingia. Kozi inasema zima notifikesheni. Sawa, nikazima. Dakika ya 40 hivi nawasha nakuta ujumbe 6, wanne wa meneja, wa mwisho kaandika "??" peke yake. Mnaofanya kazi mbali mnajua uzito wa alama mbili za kuuliza. Ofisini mtu akiona umeinamia meza anajua unafanya kazi, huku ukikaa kimya dakika 40 unaonekana umelala. Ndio maana wengi wetu tunajibu kila ujumbe ndani ya dakika moja hata kama hatuna jibu, tunaandika tu "naliangalia" ili ile duara ya kijani kwenye chati, inayoonesha uko hewani, iendelee kuonekana ina maana.

Hapa ndipo kozi ilipokosea mtu wake. Imeandikwa kwa mtu ambaye kalenda ni yake, yaani frilansa au mwenye biashara yake, halafu jina la nje likabandikwa "kwa wanaofanya kazi mbali" kwa sababu ndio linauza. Sisi wenye mabosi muda wetu hatuupangi peke yetu, tunaupanga na watu wengine wanane ambao hawajasoma kozi. Nilikuwa nasubiri wanifundishe namna ya kuongea na hao wanane. Kuna slaidi moja tu, nimehesabu, moja, inasema jifunze kusema hapana. Hapana kwa nani? Kwa anayesaini mshahara wangu? Nilitaka sentensi za kuazima, za kunakili na kubandika, kitu kama "niko kwenye ripoti mpaka saa tano, nitakujibu hapo, kama kunaungua nipigie simu". Sentensi hiyo nimeitunga mwenyewe na imenisaidia kuliko moduli nzima ya 2, na meneja wala hakukasirika, alijibu "poa". Ningependa pia wangegusia kwamba mambo haya nchi nyingine yameshafika mpaka kwenye sheria, Ufaransa tangu Januari 1, 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa zikae na wafanyakazi zijadili haki ya kutoshika simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Yaani ni jambo la makubaliano ya kikundi, halihitaji wewe mmoja uwe shujaa na taima yako.

Moduli ya 3 ilinituliza hasira. Inahusu kurukaruka kati ya kazi, na wametumia utafiti wa Sophie Leroy wa 2009, ule unaoonesha kwamba ukiacha kazi haijaisha ukaenda nyingine, kipande cha akili kinabaki kule ulikotoka, na kile kilichobaki kinaharibu unachofanya sasa. Wengi tunalijua hili mwilini, unaingia mitingi unatikisa kichwa tu huku bado unatunga ile barua uliyoiacha katikati. Zoezi lao ni dogo mno: kabla hujaacha kazi yoyote kwenda nyingine, andika mstari mmoja, nimefikia wapi na nikirudi naanza na nini. Hivyo tu. Nimelifanya wiki nne mfululizo. Zamani nikirudi kwenye faili nilikuwa natumia dakika kadhaa kusoma upya nijue mimi ni nani na nilikuwa nataka nini maishani, sasa nasoma mstari wangu naendelea. Mstari mwingine huwa unasema "hesabu ya jedwali la 3 haikubali, usiamini" na mimi wa mchana namshukuru mimi wa asubuhi.

Halafu moduli ya 4, na hapa ndio nasema hela yangu ilirudi.

Moduli ya 4 ina video moja ya dakika 4. Baada ya hapo wanakupa karatasi yenye safu tatu, kazi, nakadiria itachukua muda gani, imechukua muda gani. Unaambiwa toka, nenda kafanye kazi zako siku 5, ujaze, ukirudi ndio moduli ya 5 inafunguka. Ukijaribu kuruka inakataa. Nilikasirika siku ya kwanza, nimelipa halafu mnanifungia mlango? Siku ya tatu nikaanza kuwaheshimu.

Matokeo yangu nayaweka hapa bila aibu. Ripoti ya mwezi nilikadiria dakika 45, ikachukua masaa 2 na dakika 10. Kurekebisha slaidi za mafunzo nilisema nusu saa, ikawa saa moja na robo. Kujibu ujumbe nilikadiria dakika 20 kwa siku nzima, siku ya pili nikapima kwa kweli ikawa saa 1 na dakika 50, hapo sijahesabu zile za kujibu nikiwa nimesimama. Kitu pekee nilichokadiria sawasawa ni mitingi, kwa sababu zinaisha pale nyingine inapoanza.

Baada ya siku 5 ndio wanakuletea maelezo, sio kabla, na huo mpangilio ni wa akili sana. Wanakwambia wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walishalisema mwaka 1979, binadamu akipanga anafikiria jinsi mambo yatakavyokwenda vizuri, hafikirii mara zote zilizopita yalivyokwama. Wanakupa na ule utafiti wa 1994 wa wanafunzi waliokuwa wanaandika tasnifu, kwa wastani walikadiria siku 34 hivi wakaja kutumia 55 na ushee. Kama wangeniambia haya siku ya kwanza ningetikisa kichwa nikasema wanafunzi hao wavivu. Lakini nimeshaona karatasi yangu mwenyewe na mwandiko wangu mwenyewe, nitabisha na nani? Tangu hapo mtu akiniuliza itachukua muda gani nafungua karatasi naangalia ya mwisho ilichukua ngapi, nampa hiyo. Wiki ya kwanza watu walishangaa, "mbona umekuwa mzito", wiki ya tatu wakagundua naleta kazi siku niliyosema.

Kasoro yake ni moja na inauma. Ukishajaza ile karatasi hakuna mtu anayeisoma. Unaipakia, inatokea alama ya tiki ya kijani, basi. Nikaenda kwenye grupu la majadiliano nikidhani huko watu wanalinganisha namba zao, nikakuta "nimemaliza moduli ya 4!!" na vidole gumba 20. Kitu kizuri vile kinafia kwenye folda. Wangeweka watu watatu watatu wasomeane, hata bila mwalimu, ingekuwa kozi tofauti kabisa.

Kwizi sasa, kwizi ni aibu. Swali la 1 la moduli ya 2, naapa: pomodoro maana yake ni tunda gani. Hilo linapima nini? Na zinakuja dakika ile ile video imeisha, wakati hata paka aliyekuwa chumbani angepata 8 kwa 10. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka vitu tulivyotoka kujifunza, na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakaonesha kwamba kujaribiwa kunakufanya ukumbuke baada ya siku kadhaa kuliko kusoma tena na tena. Kwa hiyo kwizi sio mtihani tu, kwizi ndio somo lenyewe, na mimi ningeichelewesha siku mbili tatu. Ningeuliza hivi, ni saa nne kasoro, una ripoti ya kesho ambayo hujaianza, meneja kauliza swali linalohitaji kutafuta, na saa nne na nusu una mitingi isiyo na ajenda, unaanza na nini na unamwandikia nani nini. Lije Alhamisi kwenye barua pepe, bila video yoyote juu yake.

Vipindi vya moja kwa moja nimehudhuria viwili kati ya sita, na sababu ni kichekesho. Ratiba imeandikwa saa tu, haina kanda ya saa, yaani hujui ni saa za nchi gani. Kozi ya muda, kwa watu waliotapakaa dunia nzima, wanaandika "10:00" wanaondoka zao. Mimi tayari nina vidonda vyangu na hii habari, kwenye timu yetu mtu aliwahi kuandika tukutane saa nne, nusu wakaja asubuhi nusu wakaja saa kumi jioni kwa sababu walisoma nne ya kwenye simu. Sasa nikajua mwalimu yuko Marekani, nikapiga hesabu zangu, kipindi cha kwanza nikaingia sawa. Cha tatu nikakuta chumba kitupu, kumbe wiki ile wenzetu wamesogeza saa zao mbele. Marekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, hapo katikati kuna wiki mbili au tatu ambazo mahesabu yako yote ya mitingi yamevurugika, na kama unapoishi hawabadilishi saa kabisa wewe ndio unahamishwa kila mara bila kuambiwa. Mwishoni mwa Oktoba inatokea tena, wiki moja. Kwa mtu wa kazi ya mbali hilo ni somo la lazima kabisa kuliko nyanya, na dawa yake ni sentensi moja, andika muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima) au tuma mwaliko wa kalenda wenye kanda ndani yake. Masaa 11 ya video hawakupata nafasi ya kulisema.

Moduli ya 5 siikumbuki, nadhani ilikuwa orodha ya programu. Ya 6 ni vile viboksi vinne vya haraka na muhimu, unagawa kazi kwa kuangalia kama ni ya haraka na kama ni muhimu, vinavyoitwa kwa jina la Eisenhower, rais wa zamani wa Marekani. Mwalimu anasema rais alivichora mwenyewe mezani kwake, hapana bwana, Eisenhower kwenye hotuba ya 1954 alizungumzia tu tofauti ya vya haraka na vya muhimu, tena akisema kayatoa kwa mtu mwingine, viboksi vikachorwa na watu wa baadaye. Ni jambo dogo ila ukifundisha watu wazima wakikukamata hapo moja wanaanza kukagua na mengine. Na kimatumizi, nilipopanga kazi zangu 17 zote ziliingia kwenye boksi la haraka na muhimu, kwa sababu kila aliyenitumia aliandika "ya haraka". Kozi haina jibu hapo.

Ya 7 ni amka alfajiri. Nimefungua, nimeona jua linachomoza kwenye video, nimefunga. Kuna watu humu timu yao iko upande wa pili wa dunia, wanamaliza kazi saa nane usiku, halafu unamwambia akaamke saa kumi na moja aandike shukrani kwenye daftari. Kuna wenye watoto wadogo ambao alfajiri yao ina mwenyewe. Cheti hakitoki mpaka uimalize hiyo, kwa hiyo cheti nitakikosa, sawa tu.

Ya 8 niliirukia nikaitazama na ni nzuri, fupi, inahusu kufunga siku. Ofisini kutoka mlangoni kunakuambia kazi imeisha, nyumbani hakuna mlango wa kutoka, kwa hiyo wanakwambia ujitengenezee, andika mambo matatu ya kesho, funga laptopu, iweke usipoiona. Nafanya hayo mawili ya kwanza. La tatu meza ni ile ile moja, itaenda wapi.

Nawapa nyota 3 kwa 5. Kama wewe ni frilansa na hujawahi kusoma chochote kuhusu mambo haya, chukua tu, weka kasi 1.5 na usome maandishi pale unapoweza. Kama umeajiriwa na una meneja anayeandika alama za kuuliza, chukua ya 3, ya 4 na ya 8, nyingine acha, na uanze na ya 4 kabla ya zote, ijapokuwa wao hawakuipanga hivyo.

Mimi ya kwangu nimeshaanza. Inaanza na karatasi ya safu tatu siku ya kwanza, hakuna utangulizi, hakuna historia, watu wanawekwa watatu watatu, na nimejiwekea sheria hakuna video inayozidi dakika 6. Juzi nikarekodi ya kwanza, ya kuwakaribisha tu na kuelezea karatasi, nikaandika kwenye safu ya makadirio dakika 5. Imetoka 14, na nimetumia mchana mzima kuikata, sasa hivi iko 9 na bado sijui niondoe nini kwa sababu kila kilichobaki naona ni muhimu.